Mkalimani wa Runinga na Picha Tuliyo Nayo ya Viziwi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mkalimani wa lugha ya ishara, na kazi yangu nyingi iko Kisumu, Siaya na Kakamega. Maswali haya huniandama kila ninapokwenda: kwenye matanga, kwenye baraza za chifu, kanisani, kwenye mikutano ya wazazi. Mtu akishajua kazi yangu, mara nyingi haulizi habari za Kiziwi aliyeketi naye benchi moja. Anauliza habari za "yule wa kwenye TV". Kwa hiyo nimeanzia hapo kwenye TV. Naandika Viziwi kwa herufi kubwa ninapowataja kama jamii yenye lugha yake.

## Mambo ya msingi

1. Yule anayeonyesha ishara pembeni mwa skrini ni Kiziwi?

Kwa kawaida hapana. Ni mkalimani anayesikia. Ana kifaa cha sauti sikioni, anamsikiliza msomaji wa habari, na papo hapo anaitoa maana ile kwa Lugha ya Ishara ya Kenya. Viziwi ndio watazamaji wake.

Swali hili linaonekana dogo, lakini kwangu ndilo linalozaa mengine yote. Wakenya wengi hawajawahi kukaa na Kiziwi wakazungumza, ila mkalimani wanamwona kila jioni. Matokeo yake ni kwamba ukimwambia mtu "fikiria Kiziwi", uso unaomjia ni wa mtu anayesikia vizuri kabisa. Ipo nafasi ya Viziwi wenyewe kuifanya kazi hiyo. Soma swali la 14.

2. Lugha ya ishara si ni moja dunia nzima?

Siyo. Kenya ina yake, Tanzania ina yake, Uganda ina yake, Uingereza na Marekani vilevile, ingawa nchi hizo mbili zote huzungumza Kiingereza. Herufi zetu za vidole huonyeshwa kwa mkono mmoja na zinakaribiana sana na za Marekani, lakini sarufi na msamiati mwingi umekulia hapahapa, hasa katika mabweni ya shule za Viziwi.

Eneo letu lina nafasi kubwa katika historia hiyo. Shule ya Mumias na ile ya Nyang'oma kule Bondo zote zilianza mwaka 1961, zikiwa miongoni mwa shule za kwanza za Viziwi nchini. Watoto Waluo, Waluhya, Wakisii na Wakalenjin walikutana humo bila lugha ya pamoja, wakaijenga. Hadi leo Kiziwi wa Kisumu na Kiziwi wa Kapsabet wanaelewana moja kwa moja pale ambapo nyanya zao wangehitaji mtu wa kuwatafsiria. Zipo tofauti za ishara kati ya maeneo, na swali la 17 linazigusa.

3. Kwa nini wasiweke maandishi tu chini ya picha? Viziwi si wanasoma?

Wengine wanasoma vizuri sana, na maandishi yanawafaa. Yanawafaa pia wazee waliopoteza uwezo wa kusikia ukubwani na ambao hawajui ishara hata moja. Ningependa yawepo yote mawili.

Lakini fikiria taarifa ya saa moja jioni, ile ya Kiswahili. Katika mtihani wa KCSE, Lugha ya Ishara ya Kenya inaweza kufanywa badala ya Kiswahili, na ndivyo Viziwi wengi wafanyavyo. Maana yake ni kwamba kijana Kiziwi anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa amefaulu vizuri, na bado Kiswahili cha kuandikwa kikawa kigeni kwake. Ukimwekea maandishi ya Kiswahili yanayokimbia chini ya skrini, hujamsaidia kitu. Kiingereza nacho alijifunza kwa macho tu, mara nyingi baada ya kuanza shule akiwa amechelewa. Wapo pia Viziwi watu wazima vijijini ambao hawakupelekwa shule kabisa. Kushindwa kuyafuata maandishi hakumaanishi mtu hana akili, na inaniuma kila ninapomsikia mtu akiyachanganya mambo hayo mawili.

4. Ni hisani ya kituo au ni sheria?

Ni sheria, na si ya jana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, katika kifungu cha 39, ilivitaka vituo vyote vya runinga viweke mkalimani wa ishara au maandishi katika taarifa zote za habari, vipindi vya elimu na matangazo ya shughuli za kitaifa. Liangalie lile "au". Kituo kilichoweka maandishi pekee kingeweza kusema kimetimiza wajibu, hata kama ni maandishi ya lugha ambayo Kiziwi wa swali la 3 haisomi. Mwaka 2025 ilitiwa saini sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile.

Juu ya hizo kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali iikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, na cha 120 kinaitaja kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Gertrude Musuruve, alipokuwa seneta kati ya 2017 na 2022, alipeleka mswada wa kuitungia lugha hii sheria yake yenyewe. Kwa hiyo mtu anaposema "siku hizi hata Viziwi wanafikiriwa", huwa namkumbusha kwamba deni likilipwa halihesabiwi kuwa zawadi.

## Anachokifanya mkalimani

5. Mbona anakunja uso, anatumbua macho, anapuliza mashavu? Amekasirika? Anaigiza?

Anazungumza. Katika lugha ya ishara, uso ni sehemu ya sarufi. Nyusi zikipanda mwishoni mwa sentensi, umeuliza swali la ndiyo au hapana. Zikishuka, umeuliza nani, wapi au kwa nini. Kichwa kikitikiswa kushoto na kulia huku mikono ikiendelea, sentensi imekanushwa. Mashavu yakijaa au midomo ikibanwa, kitu kimekuwa kikubwa au chembamba. Ukimwondolea mkalimani uso wake, umebaki na maneno yasiyo na kiimbo wala viunganishi.

Watazamaji wanaosikia wanauona uso ule kama hisia, nao humwita mkalimani "mcheshi" au "mwenye madoido". Hapo ndipo picha ya Viziwi huanza kupinda: watu huamini kwamba Viziwi ni watu wa hisia kali, wasioweza kuongea kwa utulivu, au kwamba lugha yao ni maigizo ya mikono yasiyoweza kubeba bajeti ya taifa. Inaweza. Kila Juni inabeba.

6. Kwa nini mikono yake inaendelea wakati msomaji amenyamaza?

Lazima asikie wazo zima kwanza ndipo alitoe, kwa hiyo hubaki nyuma sekunde chache. Akimfuata msomaji neno kwa neno, atatoa Kiingereza kilichovishwa ishara, na Kiziwi hatapata maana. Ukimwona amechelewa kidogo, huenda hiyo ni dalili kwamba anajua kazi.

7. Mavazi ya rangi moja, bila pete kubwa wala kucha za kumetameta, ni sare?

Ni kwa ajili ya macho ya mtazamaji. Mikono lazima ionekane dhidi ya nguo, kwa hiyo mwenye ngozi nyeusi huchagua rangi itakayotofautiana na ngozi yake.

8. Kwa nini kisanduku chake ni kidogo hivyo?

Kwa sababu anayepanga skrini anasikia. Sina jibu la upole zaidi ya hilo.

Nchini Uingereza, mwongozo wa Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya huko, unasema mkalimani asichukue chini ya moja ya sita ya picha. Hapa kwetu mara nyingi anafinywa pembeni, kisha mstari wa habari mpya unampitia viganjani, na tangazo likiingia anatoweka. Familia nyingi za Nyalenda au Manyatta zina runinga ndogo, na wengine wanatazama kwa simu. Mkalimani wa ukubwa wa kiberiti kwenye simu hasomeki: nyusi nilizozieleza katika swali la 5 hazionekani kabisa.

Angalia pia ni wapi kisanduku hakipo. Kwenye taarifa kipo, lakini kwenye tamthilia, vichekesho, mahojiano ya asubuhi na uchambuzi wa mechi ya Gor Mahia hakipo. Anayesikia anajifunza kimyakimya kwamba Kiziwi ni mtu wa hotuba na maafa, asiye na haja ya kucheka wala kubishana kuhusu penalti. Nawajua Viziwi wanaobishana kuhusu penalti hadi saa nne usiku chini ya taa ya barabarani, kwa kuwa gizani hawaonani.

## Picha inayojengeka kichwani mwa watazamaji

9. Je, kuonekana kwa wakalimani kumebadilisha lolote kuhusu Viziwi?

Kumebadilisha, na tuanze na mema. Miaka ya mwanzo shule zilisisitiza mtoto atamke na asome midomo, na ishara zilikatazwa darasani. Watoto waliongea kwa mikono kwa kujificha, bwenini na chooni. Kizazi kile kilikua kikiamini kwamba lugha yake ni ya aibu. Wazee Viziwi wa Siaya wameniambia waliwahi kuteremsha mikono chini ya meza ndani ya matatu ili wasitazamwe. Kisha lugha ileile ikatokea kando ya Rais kwenye sherehe za Madaraka. Hilo si jambo dogo. Mzazi aliyekuwa akimzuia mtoto "kurusharusha mikono" mbele ya wageni sasa ana jibu: hata habari zinasomwa hivyo.

Nimeliona hili hasa vijijini. Mama mmoja wa Ahero aliniambia kwamba alipomwona mkalimani kwenye runinga ya jirani ndipo alipojua kwamba mikono ya binti yake ina mpangilio, kwamba si kuhangaika. Binti alikuwa na miaka tisa. Mazungumzo yao ya kwanza yalianzia hapo.

Lakini mama huyohuyo aliniuliza swali ambalo sijaacha kulitafakari: je, binti yake akisoma sana, siku moja "ataongea kama yule mama wa TV"? Yaani alikuwa na mfano mmoja tu wa mtu mzima anayetumia ishara, na mfano huo ulikuwa mtu anayesikia. Hakuwa amewahi kumwona mwalimu Kiziwi, fundi Kiziwi mwenye karakana yake, wala mwanamke Kiziwi akihojiwa kuhusu biashara yake. Runinga ilikuwa imemwonyesha lugha ya binti yake bila kumwonyesha watu wake.

Hilo ndilo pengo lenyewe. Mkalimani anaonyesha kwamba Viziwi wanapokea habari. Haonyeshi kwamba wana habari za kutoa. Mtazamaji akiwaona kila siku upande wa kupokea, atawaweka upande huohuo kanisani, kwenye kikao cha ukoo na kwenye usaili wa kazi.

10. Mbona Viziwi wengine wanalalamika badala ya kushukuru?

Kwa sababu kisanduku kimekuwa kisingizio. Kiziwi akienda zahanati akakosa wa kumtafsiria, ataambiwa, "Lakini siku hizi mko na watu wenu kwenye TV." Ofisi ya kaunti inaweza kuweka mkalimani siku gavana anapohutubia mbele ya kamera, na kesho yake dirishani pasiwe na mtu hata mmoja anayejua kuuliza jina lako kwa ishara.

Malalamiko mengine ni ya ubora. Ukisikia Kiziwi akisema "simwelewi yule", usidhani ni ukaidi au elimu ndogo. Huenda mkalimani anafuata mpangilio wa Kiingereza, au hajui ishara za majina ya watu na miji, ambazo Viziwi wenyewe huzitunga na kuzisambaza. Kumshukuru mtu usiyemwelewa ni kujidanganya.

11. Kwa nini wakalimani wanakuwa maarufu mitandaoni kuliko Viziwi?

Watu wanaosikia humpenda mtu anayefanana nao akifanya jambo lisilo la kawaida. Klipu ya mkalimani akiutafsiri wimbo itasambazwa usiku mmoja. Kiziwi akisimulia hadithi yake kwa ishara, bila sauti, wengi watapita baada ya sekunde mbili wakidhani simu imeharibika.

Mkalimani si wa kulaumiwa kwa kupendwa, ila ana wajibu. Nikialikwa kwenye redio au runinga kueleza "maisha ya Viziwi", huwa namtaja Kiziwi atakayeyaeleza mwenyewe na kujitolea kuwa sauti yake. Wakati mwingine mwaliko unafutwa, na hapo nafahamu walikuwa wakimtaka nani.

12. Kiziwi anapohojiwa kwenye habari, maneno tunayoyasikia ni ya nani?

Ni ya Kiziwi. Sauti ndiyo ya mkalimani. Ndiyo maana mkalimani husema "mimi niliibiwa", wala si "anasema aliibiwa", na ndiyo maana mwanamume Kiziwi anaweza kusikika kwa sauti ya mwanamke. Zoea.

Hapa ndipo heshima ya Viziwi hupatikana au hupotea zaidi kuliko pale pembeni mwa skrini, kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa urefu. Kwanza, macho ya mwandishi. Waandishi wengi humtazama mkalimani na kusema, "Muulize anajisikiaje." Mtazamaji anaona mtu mzima akiulizwa kupitia mwingine, kama mtoto aliyeletwa na mzazi. Mwandishi akimtazama Kiziwi na kumuuliza moja kwa moja, "Unajisikiaje?", picha nzima inageuka.

Pili, mhariri wa picha. Amezoea kwamba mtu akiongea, unaweza kufunika uso wake kwa picha za soko la Kibuye au za ziwa huku sauti ikiendelea. Akifanya hivyo kwa Kiziwi, amemnyamazisha. Mikono ndiyo sauti. Viziwi walioko nyumbani wanabaki wakitazama samaki huku mwenzao akieleza jambo la maana, nao wanaosikia ndio pekee wanaopata maneno yake. Sijui dhuluma iliyo rahisi kuondoa kuliko hii: iache mikono ionekane.

Tatu, uwezo wa mkalimani mwenyewe. Kiziwi anaweza kutoa hoja nzito, iliyopangika, yenye mzaha ndani yake. Mkalimani asiyezisoma ishara vizuri atakwamakwama, "eeh... anasema... kuna shida...", na mtazamaji atahitimisha kwamba Kiziwi ndiye asiyejua kupanga mawazo. Wakalimani wengi wana uwezo mkubwa wa kutoka sauti kwenda ishara kuliko wa kurudi, kwa kuwa kazi nyingi wanazopewa ni za upande mmoja. Runinga nayo imelizidisha tatizo hili kwa kuajiri kwa upande huo mmoja tu.

Mwisho, ule muziki wa huzuni. Habari ya fundi cherehani Kiziwi aliyefanikiwa haihitaji kinanda cha msibani.

13. Ni kweli Viziwi hawawezi kutoa sauti?

Wengi wanaweza, na wengine huongea. Neno "bubu" liache, hawalitaki. Kwa kuwa mkalimani hufanya kazi yake kimya, watu wamekuja kuamini kwamba ukimya ndio Uziwi. Nenda mahali Viziwi wanapokutana: kuna vicheko vya sauti, kuna kugonga meza ili mwenzako ageuke, kuna kelele za furaha.

## Mambo yenye utata

14. Kiziwi anaweza kuwa mkalimani wa runinga kweli, na hasikii?

Anaweza, na katika nchi kadhaa wapo. Anasoma maandishi ya msomaji kwenye skrini iliyo mbele yake, au anamtazama mkalimani anayesikia aliyeketi kando ya kamera, kisha anatoa ujumbe kwa ishara za mtu aliyekulia ndani ya lugha hiyo. Kwa taarifa zilizoandikwa mapema, njia hii inafanya kazi vizuri. Kama kuna badiliko moja ningelianza kesho asubuhi, ni hili, kwa sababu linajibu lugha na picha kwa pamoja: mtoto Kiziwi wa Mumias atamwona Kiziwi mwenzake akiwa kazini, kitaifa, saa moja jioni.

15. Mkalimani feki tutamjuaje?

Ukiwa unasikia, huenda usimjue kabisa, na hilo ndilo la kutisha. Desemba 10, 2013, kwenye ibada ya kumbukumbu ya Nelson Mandela katika uwanja wa FNB, Thamsanqa Jantjie alisimama kando ya marais, akiwemo Barack Obama, akirusha mikono isiyokuwa na maana. Viziwi waligundua mara moja na wakapaza malalamiko wakati shughuli ikiendelea. Sisi tunaosikia tuliona mkalimani. Huko Florida, Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokaribia, kaunti ya Manatee ilimweka mfanyakazi wake asiyekuwa na ujuzi awe mkalimani, na katika ishara zake zikatokea "piza" na "mazimwi" wakati watu walihitaji kujua wahame au wabaki.

Dunia ilivicheka visa hivyo viwili. Wachache waliuliza Viziwi wa Soweto walikosa nini siku ile, wakati taifa lao lilikuwa likimlilia mtu wao pia. Zipo dalili unazoweza kuziona, kama vile uso uliokufa, ishara chache zinazojirudia, na mikono isiyobadilika hata msemaji akitaja majina na tarakimu. Lakini kipimo cha kweli ni kuwauliza Viziwi, na kuwauliza kabla ya kuajiri. Kenya ina chama cha Viziwi na chama cha wakalimani. Mwandaaji hana sababu ya kuokota mtu.

16. Wakati wa Korona ilikuwaje na barakoa?

Kuanzia Machi 2020 taarifa za wizara zilifuatwa na kila nyumba, na mkalimani akawa sura ya kila siku. Wengi waliitambua lugha ya ishara wakati huo. Lakini barakoa ya kawaida hufunika nusu ya sarufi (swali la 5), ndiyo maana ilibidi mkalimani asimame mbali bila barakoa, au avae yenye sehemu ya mdomo inayopitisha mwanga.

Serikali nyingine zilifikishwa mahakamani. Septemba 2020 jaji wa Marekani aliamuru Ikulu ya nchi hiyo iweke mkalimani katika taarifa za Korona. Julai 2021 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba serikali ilivunja sheria ya usawa kwa kukosa mkalimani katika taarifa mbili za mwaka uliotangulia. Huwa nazitaja hukumu hizo watu wanaponiambia kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini.

17. Na vituo vya lugha za mama? Mkalimani atafanyaje na Dholuo au Kiluhya?

Atahitaji kuijua lugha hiyo vizuri, pamoja na mafumbo yake, kisha aitoe kwa Lugha ya Ishara ya Kenya. Wapo wanaoweza, hasa watoto wanaosikia waliolelewa na wazazi Viziwi huku nyanya akiongea Dholuo jikoni. Mimi naona hapa pana umuhimu wa pekee: Viziwi wengi wa Nyanza hawajui Dholuo kwa sababu hawakuisikia wala kuiona ikiandikwa, kwa hiyo hadithi za ukoo na hoja za urithi huwapita wakiwa wameketi palepale. Kipindi cha lugha ya mama chenye ishara kingewarudishia nyumba yao.

Tofauti za ishara kati ya Kisumu, Nairobi na Mombasa zipo, ila Kiziwi aliyezoea lugha huzivuka. Asiyezivuka ni yule ambaye hakusoma na anatumia ishara za nyumbani pekee. Huyo runinga haimfikii, awe mkalimani ni nani. Anahitaji mtu wa kuketi naye.

18. Programu za kompyuta zenye mwanasesere wa kuonyesha ishara zitachukua nafasi ya wakalimani?

Kwa matangazo mafupi yaliyoandaliwa, kama ratiba ya treni, zinaweza kusaidia. Shirikisho la Dunia la Viziwi na chama cha dunia cha wakalimani walitoa msimamo mwaka 2018: zisitumike mahali pa mazungumzo ya moja kwa moja na mambo mazito. Naafiki. Swali langu kwa wanaozitengeneza ni moja: ni Viziwi wangapi wameketi kwenye meza ya maamuzi?

## Ya nyumbani

19. Nikiona mkalimani amekatwa mikono na tangazo, niseme wapi?

Andikia kituo chenyewe kwanza, ukitaja tarehe, saa na kipindi. Wasipojibu, pana Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Malalamiko ya watu wanaosikia yana uzito wake, kwa kuwa vituo huwahesabu kama watazamaji wengi. Ila mshirikishe Kiziwi unayemjua. Huenda yeye ameshaona kasoro tatu ambazo hukuziona.

20. Mwanangu ana miaka miwili na hasikii. Nimweke mbele ya runinga amtazame mkalimani ajifunze?

Hapana, usitegemee hilo. Mtoto hajifunzi lugha kwa kutazamishwa hotuba za mawaziri. Anajifunza kwa kuitwa, kuulizwa, kujibiwa na kukatazwa, na mtu anayemtazama machoni. Mkalimani wa runinga hamjibu.

Mpeleke kwanza akapimwe masikio hospitalini, kisha kwenye kituo cha tathmini ya elimu maalumu kilicho karibu nawe. Maafisa wa elimu wa kaunti ndogo watakuelekeza. Usingoje afike miaka sita. Ukiwa upande wa Kisumu pana shule ya Viziwi Maseno, Siaya pana Nyang'oma, Kakamega pana Mumias, Nakuru pana Ngala. Hata kabla ya umri wa kuandikishwa, nenda ukaombe kukutana na Viziwi watu wazima na uanze kujifunza ishara wewe mwenyewe, pamoja na baba yake, ndugu zake na yaya. Anza na za chakula, za kulala, za majina ya watu wa nyumbani, na ya "hapana". Mtoto atakupita haraka, mwulize akufundishe.

Na jioni taarifa inapoanza, keti naye. Usimwachie skrini. Mwambie kwa ishara ulizo nazo ni nini kimetokea.